Kikaango na Hekalu la Bulangale

Zipora wa Segese husuka kwa vidole na kwa mdomo, na kama ungemlazimisha aache kimoja, vidole ndivyo vingepumzika. Ukikaa asubuhi kwenye kigoda chake kusukwa rasta, utainuka jua limeshapinduka na shingo inakuuma, lakini hutalalamika. Muda wote huo ulikuwa Bulangale.

Bulangale haipo, usihangaike kuitafuta. Ni dola aliyoitunga mwenyewe ili wateja wasimsinzilie mikononi, akaijaza watu wa kila namna, kama walivyojazana hapa kufuata dhahabu. Kuna watu wa mifugo, wasioozesha binti mpaka ng'ombe mkubwa wa zizi aridhie. Kuna watu wa chini, wanaoishi kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na wakitoka juani hupepesa macho kama vifaranga. Tena kuna watu wa pwani, wanaoongea mpaka samaki anaungua jikoni, halafu wanakaa kumwongelea samaki aliyeungua. Wote wako chini ya Mtemi Nyanzobe, mwanamke mnene, mwenye huruma na hasira za karibu, ambaye kwa bahati tu anafanana mno na Zipora.

Hao wa pwani aliwatunga kwa ajili ya Mwamvua, Mzaramo wa Kisarawe anayepika chapati kibanda cha pili. Kati yao hakuna ukuta, kuna turubai tu, kwa hiyo kila tusi humfikia mwenyewe likiwa la moto. Na Mwamvua hujibu kutoka huko huko. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani atakusema chakula chako, sura yako, hata kufa kwako, na akitaka atabeba kitu chako mchana kweupe. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Kitu chako utakikomboa kwa maneno na kicheko.

Mume wa Zipora alipofariki, Mwamvua alikuwa mgeni hapa, hata jina lake halijazoeleka. Alifika msibani, akajilaza chini mbele ya jeneza, akatangaza kwamba Msukuma huyu haendi kokote mpaka aage kwa Kizaramo. Zipora, ambaye tangu habari ilipokuja alikuwa amekaa kimya bila chozi, alicheka, na katika kucheka huko ndipo kilio kikapata njia. Kisha Mwamvua akainuka, akajifunga khanga kiunoni, akashika kazi za jikoni mpaka matanga yalipoanuliwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Ilikuwa mtani kwa mtani.

Sasa ukaja mdomo kuponza kichwa. Rhoda, mwalimu wa kwaya, alikuwa kigodani anasukwa mtindo wa twende kilioni, akauliza watu tofauti hivyo waliunganishwa na nini. Zipora alikuwa hajafikiria, lakini msimulizi hakubali kukutwa mikono mitupu. Akajibu kwamba waliunganishwa na dini moja. Akajenga hekalu pale pale, akalitia kengele na kwaya ya sauti nne, na Rhoda akafurahi hata akasahau maumivu ya kichwa. Utamu ukamkolea Zipora, akavuka mpaka. Akasema watu wa pwani walipoiona ile kengele, walikunja mikeka yao ya kusalia wakaitupa mtoni, maana hata hivyo ilikuwa inanuka samaki.

Wateja walicheka. Upande wa pili wa turubai hakukujibiwa kitu.

Kesho yake Zipora alipiga hodi kwa mbwembwe zake zote: ng'wangaluka, mtani, umeamka au bado unaongea na samaki? Mwamvua alimwangalia kwa upole, akamwuliza, "Umeamkaje, Mama Masalu?"

Mama Masalu! Ndiyo, Masalu ni mwanawe wa kwanza, na mji mzima humwita hivyo, lakini kutoka mdomo ule jina lilimchoma. Angetukanwa angefurahi. Siku zikapita kwa heshima tupu: shikamoo kila Zipora akipita, asante, karibu, samahani. Chapati zililetwa kwenye sahani iliyofunikwa vizuri. Zipora alikosa usingizi na hadithi ikamkauka. Alijua kosa lake. Mtani unamtania tumbo na ulimi, sala yake humgusi. Angeweza kwenda kuomba radhi, lakini radhi huombwa kwa watu baki, na yeye alitaka kujua jambo moja tu, kama bado ana mtani au amebaki na jirani.

Basi asubuhi moja, wachimbaji wamejipanga kusubiri chai, Zipora aliinua turubai, akanyakua kikaango cha chapati kwa kitambaa, kikiwa bado kinafuka moshi, akarudi nacho kwake. Akakiweka chini ya kigoda, akakaa kusubiri. Akija kwa hasira, imekwisha. Asipokuja kabisa, imekwisha vibaya zaidi.

Mwamvua alikuja. Alisimama mlangoni, mikono imejaa unga, Rhoda, aliyekuja kufumuliwa nywele, na wateja wengine wakajibana.

Akasema, "Msukuma ameona ng'ombe hawamtoshi, sasa anaswaga vikaango."

Zipora alitaka kucheka akashindwa. Aliuliza kikombozi ni nini.

"Kikaango ni changu, kikombozi ni chako," Mwamvua alisema. "Bomoa lile hekalu."

Rhoda alijaribu kuitetea kwaya yake, ila hakuna aliyemsikiliza. Zipora akauliza, kwa sauti ndogo isiyo ya Mtemi, hekalu likivunjika dola itaungana kwa dini gani. Mwamvua alimjibu kwamba hilo halimhusu, yeye ni mpika chapati.

Zipora akashika nywele za mteja aliyekuwa mbele yake, maana bila nywele mkononi hawezi kufikiri. Akasimulia jinsi Mtemi Nyanzobe alivyotoka nje, akawakuta watu wa pwani wamekataa kuingia, mikeka yao iko kwapani, mikavu. Akawaonea haya. Akaamuru hekalu livunjwe, kila mtu asali kama mama yake alivyomfundisha. Juu ya hapo akaweka dini moja ya dola nzima, yenye sharti moja: hakuna watu watakaozika wafu wao wenyewe. Wa mifugo watazikwa na wa chini, wa chini watazikwa na wa pwani. Hivyo kila ukimfukuza jirani, umefukuza anayekuzika.

Mwamvua alipangusa unga mikononi, taratibu.

"Na huyo Mtemi mnene," aliuliza, "atazikwa na nani?"

"Na wewe," Zipora alisema, machozi yakimtoka waziwazi.

"Nitakuzika," Mwamvua akasema, akiinama kuvuta kikaango chake chini ya kigoda. "Lakini leo wachimbaji wana njaa, mtani."