Kitufe cha Hodi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa simu ya bei rahisi, kioo kimepasuka. Meneja wetu, mtu wa bara aliyefungua ofisi ya kutengeneza tovuti hapa Amu, kisiwani Lamu, akaniambia, "Bi Zulfa, kila utakachotengeneza utakifungua kwa simu hii, ukiwa Kizingitini. Kisipofunguka huko, hakijaisha." Nikacheka. Kumbe hakuwa anatania.

Basi tovuti ikikaribia kumalizika, napanda boti mpaka Kizingitini, nakaa gatini kati ya wanunuzi wa samaki, mtandao unakuja na kupotea, naifungua. Picha zikichelewa, narudi ofisini kuzibana, yaani kuzipunguza uzito bila kuzichafua sura. Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii leo mnaweka video inayojicheza ukurasa wa kwanza, na namba ya simu ya biashara mnaificha chini kabisa. Mteja aitafute mpaka lini? Na jina la tovuti, ile anwani anayoiandika mtu ili aifikie, liandikisheni kwa jina la mwenye biashara. Nimeona fundi akigombana na mwenye duka, akaondoka nalo, duka likatoweka mtandaoni.

Mteja nisiyeweza kumsahau ni Bi Khadija wa Shela. Alikuwa mjane, ameachiwa nyumba kubwa ya mawe, na wanawe walioko Mombasa walitaka kuiuza kwa mgeni. Aliwaomba msimu mmoja tu. Vyumba vikipata wapangaji, nyumba ibaki; visipopata, wauze. Kazi ya kuwatafuta wapangaji hao ikawa yangu.

Nikamtengenezea tovuti nyepesi yenye mfumo wa kujihudumia: mgeni anachagua chumba, analipa, anathibitishiwa papo hapo. Meneja aliisifu. Hata mimi nilijiona.

Alasiri moja Bi Khadija alikuwa na wanawake wenzake chumba cha ndani, wanamsomea marehemu dadake hitima, mabuibui wameyavua. Mara akatokea mwanamume na begi lake. Alikuwa amelipia chumba akiwa botini, akalipita daka, kile kibaraza cha mlangoni anakongojea mgeni, akaingia moja kwa moja na simu mkononi kuwaonyesha kwamba amekubaliwa. Wanawake walikimbilia nguo zao. Yule bwana maskini hakuwa na kosa, ukurasa wangu ndio uliomwambia aingie.

Bi Khadija akaniita. "Zulfa mwanangu, nyumba yangu si ndia ya punda, apite kila mtu. Huyu hakupiga hodi?"

"Mfumo ulikuwa umeshamkubalia, Bi."

"Mfumo ndio mwenye nyumba?"

Akasema niiondoe tovuti yote, heri auze kuliko kuvunjiwa heshima vile. Alisema hivyo huku anaushika mlango wake kwa mkono, na mimi roho ikaniuma. Nikamwomba anipe siku chache.

Nilipomweleza meneja kwamba nataka wageni wangojee kukubaliwa na mwenye nyumba, alikunja uso. "Katika kazi hii, kila hatua unayomwongezea mteja inamkimbiza." Alisema kweli, hata leo nawaambia hivyo hivyo. Lakini nilishikilia. "Jaribu," akasema mwishowe. "Wakikimbia, wewe ndiye utakayemwambia auze."

Nikaondoa malipo ya papo hapo, nikaweka kitufe kimoja kilichoandikwa Hodi. Mgeni anakibonyeza, anajitaja ni nani na anakuja na nani, kisha anangojea. Chini yake niliandika desturi yetu: hodi ni tatu, ya tatu isipojibiwa mtu huenda zake bila kinyongo. Ujumbe unamfikia Bi Khadija kwenye simu, naye anajibu kwa sauti yake mwenyewe, "Karibu, pita. Umekula?" Mtu yuko ng'ambo ya dunia anaulizwa kama amekula.

Wengine walikimbia, kweli. Waliongojea walikuja, wakarudi, wakatuma jamaa zao. Msimu ulipokwisha, wanawe hawakuitaja tena habari ya kuuza.

Baadaye nilihamia hoteli moja, kisha ofisi ya serikali chini ya mkuu wa idara aliyependa mikutano kuliko kompyuta, mpaka macho yakanichosha nikastaafu. Meneja alirudi kwao bara. Bi Khadija alifariki, Mungu amrehemu. Nyumba imefungwa, simu yake imezimwa, lakini tovuti iko hewani kwa sababu wanawe hawana moyo wa kuifunga.

Sikuitamani kazi nilipoiacha. Ninaowakumbuka ni watu. Natamani kukaa tena pale gatini na simu mbovu, nikiomba ukurasa ufunguke, nikijua Shela kuna mtu anangojea habari zangu.

Mwaka jana niliifungua tovuti ile kwa simu ile ile iliyopasuka, nikabonyeza Hodi. Kimya. Ramadhani hii nikabonyeza tena, nikaiweka simu kifuani. Kimya. Ya tatu sijaibonyeza, kwa maana isipojibiwa itanibidi niende zangu.