Hadithi Niliyoipeleka Muyinga

Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Gitega hakuwa na mchezo na insha. Sentensi ya kwanza lazima iseme unachotaka, bila kuzunguka. Ukianza na maelezo marefu, kalamu nyekundu inakupitia. Muhula ule tulikuwa tunasoma hadithi ya mwanamke aliyenyang'anywa shamba na kaka yake. Akaondoka na mzigo kichwani, akafungua duka mjini, akafanikiwa. Mwalimu akatuambia tuiunganishe na maisha yetu. Wenzangu waliandika kuhusu uvumilivu. Mimi sikuandika hata mstari, maana nyumbani Muyinga mama yangu naye alikuwa akinyang'anywa shamba na kaka yake, na sikuona duka lolote likimsubiri mahali popote.

Tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako nilikulia na ambako baba alizikwa. Babu akampokea mama, akampa igiseke, kile kipande cha shamba ambacho binti hupewa alime na ale, ingawa kimila hakihesabiwi kuwa chake. Babu alipokuwa hai hakuna aliyekohoa. Alipofariki, mjomba wangu, mfanyabiashara wa maharage sokoni, akasema anakitaka. Bashingantahe, wazee wanaoamua kesi za kilima chetu, yaani kijiji, wakapanga kulisikiliza shauri Jumamosi. Mama akishindwa, hatuna pa kulima wala pa kulala, kwa sababu kijumba chetu kilikuwa humo humo shambani.

Niliomba ruhusa, nikapanda basi. Njia nzima nilipanga maneno yangu kama insha: dai, ushahidi, jibu kwa mpinzani. Nilijiona nimeiva.

Tulikaa kwenye mabenchi uani kwa mjomba. Mama alikuwa amenisihi ninyamaze, lakini mimi na kunyamaza hatujawahi kupatana. Nilipopewa nafasi nikasimama wima.

"Shamba hili ni la mama yangu," nikasema, "na mjomba anajua."

Kwetu mtu husalimu kwanza, hushukuru, huulizia watoto na ng'ombe, husifu nyumba iliyompokea. Jambo lenyewe hulileta mwishoni, tena akiwa amelifunika kidogo. Mimi niliyekulia kambini mila hiyo niliijua juu juu tu, na darasani nilikuwa nimefundishwa kinyume chake. Mzee mmoja akageuza uso. Mama akainamisha kichwa.

"Iko namna gani hii?" mjomba akasema. "Mtoto wa dada yangu ananihukumu kwangu, mbele ya watu? Bon. Mi nilitaka kuwaachia hata ile nyumba. Sasa watoke wote."

Hasira nilikuwa nayo, na mpaka leo ninayo, lakini hofu iliipita: nilikuwa nimemfukuzisha mama kwa sentensi moja. Mzee aliyeongoza kikao akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, kama nina neno la mwisho.

Nikapiga magoti. Niliwasalimu wazee mmoja mmoja. Nilimshukuru mjomba kwa kumzika babu kwa heshima, kwa sababu kweli alimzika kwa heshima. Kisha nikaomba kuwasimulia hadithi tuliyoisoma shuleni.

Niliisimulia taratibu, kwa Kirundi changu cha kukwama kwama, Kiswahili kikiziba mapengo. Sikumtazama mjomba. Nilipofika pale mwanamke anapofunga mzigo wake, nikanyamaza. Nilijua nikilitaja lile duka nimekwisha. Mjomba angesema si unaona, kuondoka kwake kulimletea baraka.

"Na ule mwanamke," mjomba akauliza, "alienda wapi kisha?"

"Alikufa njiani, mjomba. Kwenye kiwanja cha watu asiowajua."

Sikuongeza funzo lolote. Mwalimu angeninyima nusu ya alama. Mjomba alichezea funguo zake, akaziweka, akazichukua tena. Mke wake, aliyekuwa mlangoni, alijifuta macho kwa pembe ya kitenge.

"Voilà," mjomba akasema mwishowe. "Dada yangu alime mpaka Mungu amuchukue. Lakini akishaenda, hii shamba inarudi kwangu. We usikuje kuiuliza."

Wazee wakanigeukia, wakingoja. Nilitaka kupiga kelele kwamba shamba ni la mama, mpaka sokoni wasikie. Mama alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Asante, mjomba," nikasema.

Tulirudi kwa miguu, mama akiwa mbele. Hakunipongeza wala kunigombeza. Karibu na nyumba akasimama, akanigeukia, na nikaona kwamba alikuwa analia tangu tulipotoka.

"Mwanangu, yule mwanamke," akasema, "nani alimzika?"

Ningeweza kumwambia kwamba hakufa, kwamba alikuwa na duka na watoto wanene. Lakini mama hajui kuficha kitu. Kabla ya jioni angekwisha kumwambia wifi yake, na wifi angemwambia mjomba.

"Kaka yake, mama. Alipopata habari alikuja mbio."

Mama akashusha pumzi.

"Basi si mtu mbaya," akasema, akaingia ndani kuwasha moto.