Miguu ya Mama Mkwe

Watu wanasema Durban haina baridi. Waje walale kwenye jengo letu la mjini mwezi wa saba, ghorofa ya tatu, upande usioona jua, ndipo waniambie. Baridi ile ilimkamata mama mkwe wangu magoti. Kila asubuhi yalikuwa yamekaza, hawezi kushuka kitandani, na choo kiko mwisho wa korido.

Kwetu Kongo mama mkwe haguswi. Hukai kitandani pake, huli mbele yake, humtazami usoni, wala yeye hakutazami. Chumba chetu ni kimoja, tumekigawa kwa pazia, lakini heshima tuliishika. Nikirudi asubuhi kutoka Clairwood, ninakolinda ghala usiku, nilikohoa kwanza mlangoni ili ajifunike. Tuliishi hivyo miaka.

Vidonge vya kliniki alivimeza, magoti yakabaki vilevile. Mke wangu akamweleza bibi wa Kihindi wa ghorofa ya chini, ambaye jengo zima tunamwita Anti. Huyo alilelewa na Ayurveda, tiba ya jadi ya kwao. Alisema baridi kavu inazidisha upepo mwilini na kukausha viungo. Mama ale chakula cha moto chenye tangawizi na samli, na kila asubuhi, kabla ya kuoga maji ya moto, asuguliwe miguu polepole kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa. Sombe, kisamvu chetu, ikiwa ya jana, marufuku.

"Sombe yenye kulala ndiyo iko tamu," mama mkwe alinung'unika nyuma ya pazia. "Huyo Anti wenu anataka nikufe na njala."

Mke wangu alimsugua jioni akitoka saluni. Miguu ililainika, kufika alfajiri imekaza tena, na saa hiyo mke wangu ameshapanda taxi kwenda kazini. Anti mwenyewe hawezi ngazi. Nikashuka kumwomba anitafutie mwanamke wa kuifanya kazi ile.

"Wewe asubuhi uko wapi?" aliniuliza.

"Niko nyumbani, Anti. Lakini yule ni mkwe wangu."

"Mikono unayo?"

Eish, nilikasirika! Niliondoka bila kuaga. Anajua nini mambo yetu?

Kesho yake nilikohoa mlangoni, sikusikia kitu. Nikakohoa tena. Nilipoingia nilimkuta sakafuni, ameanguka akijaribu kwenda chooni, amejifunika uso kwa kitenge.

"Usiniangalie, baba," alisema huku analia. "Acha binti yangu arudi."

Binti yake angerudi jioni. Nilijua alikuwa anasema kweli: angelala pale kwenye saruji kutwa nzima, asinivunjie heshima. Nikamuuliza kama ameumia. Akasema hapana. Basi nikamwinua, Mungu anisamehe, nikambeba mpaka kitandani, nimegeuza uso ukutani.

Kisha nikaweka kikombe cha mafuta ndani ya maji ya moto, nikakaa sakafuni, nikashika mguu wake. Nyayo zilikuwa zimepasuka, ngumu, baridi kabisa. Chini ya kitenge nilimsikia anasali. Sikujua kama ananiombea au ananishitaki.

Toka siku hiyo ikawa kila asubuhi. Mimi nilitazama ukuta, yeye alijifunika, hatukusemeshana. Mke wangu alijua. Kanisani hatukumwambia mtu.

Baridi ilikuwa inaanza kuondoka nilipohisi, asubuhi moja, mguu unatoka mkononi mwangu. Mama mkwe alishusha miguu yote miwili, akashika ukingo wa kitanda, akasimama mwenyewe. Nilisahau adabu, nikainua macho. Kitenge kilikuwa mabegani. Alikuwa ananitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na alinitazama sana.

"Kumbe una mvi, mwanangu," alisema. "Hakuna mtu aliyeniambia."