Nusu Saa Kabla ya Maprofesa

Siku hizi kila mtu ana mkutano wake mfukoni. Mhadhiri anafundisha akiwa jikoni kwake, wanafunzi wamezima kamera, nusu yao wamelala, na mkutano ukiisha hakuna ajuaye nani alikuwepo na nani hakuwepo. Ndiyo maendeleo, na anayelalamika ataambiwa amepitwa na wakati. Lakini ukitaka kujua mkutano wa video ulikuwa na heshima gani zamani, muulize Mama Waya.

Jina hilo alilipata chuoni, kwa sababu chumba cha mikutano kilikuwa chini yake na nyaya zote zilimtii. Wakati huo vyuo na taasisi za utafiti viliungana vikatumia mtambo mmoja wa video, kila taasisi na chumba chake kimoja tu, na kila chumba na mtu wake. Watu walipangiwa zamu. Profesa alikuja amenyoa ndevu, tai shingoni, akaketi mbele ya kamera kama anayepigwa picha ya pasipoti. Kiyoyozi kilinguruma kuliko wasemaji. Runinga kubwa ilifunikwa kitambaa alichokishona Mama Waya mwenyewe, ili vumbi lisiizoee. Raha iliyoje!

Kabla ya kila mkutano, laini ilijaribiwa. Hapo ndipo alipompata Pazia.

Pazia alishika chumba cha taasisi ya utafiti wa mbegu, katika mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Aliitwa hivyo kwa sababu ya pazia la kijani lililoning'inia nyuma yake.

"Chumba cha mbegu, mnanisikia?"

"Tunakusikia, Mama Waya. Umeamkaje, dada?"

Kujaribu laini ni kazi ya dakika mbili. Wao walianza nusu saa mapema. Sauti ilichelewa kidogo njiani, kwa hiyo walizoea kusema, kunyamaza, kisha kungoja. Mume wa Mama Waya alilalamika kwamba hata nyumbani, akiuliza chumvi iko wapi, mkewe humtazama kwanza ndipo ajibu.

Katika nusu saa hizo walilea watoto, wakawasema mabosi, wakapeana dawa za kikohozi. Siku Mama Waya alipopigiwa simu kwamba mama yake amefariki, alikuwa mbele ya kamera. Pazia alilia naye, kisha akajifuta machozi. "Nenda nyumbani, dada. Hawa maprofesa nitawaambia laini imekatika." Wakaamini bila swali, maana siku zile laini isiyokatika ndiyo iliyowashangaza watu.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ndiyo maana jambo moja lilimuuma sana Mama Waya: kila alipomwalika, Pazia alimpiga chenga. Harusi ya binti, Pazia ana mafua. Mjukuu kuzaliwa, ana wageni ofisini. Aliposema basi nitakuja mimi, Pazia alibadilisha mazungumzo. Namba za simu walipeana, lakini kwenye simu Pazia alikuwa mtu wa "nitakupigia baadaye."

"Ananitaka mle kwenye runinga tu," Mama Waya alimwambia mumewe. "Nikitoka mle, mimi si mtu wake."

Kisha mkurugenzi wa chuo akaja mwenyewe chumbani, na mkubwa akija mwenyewe ujue kuna jambo. Kila mtu sasa angeunganishwa kwa kompyuta yake. Chumba kitakuwa stoo, Mama Waya atahamia mapokezi. Mkurugenzi alimshukuru vizuri kwa kazi yake, lakini Mama Waya hakuwa akimsikiliza. Alimfikiria Pazia. Chumba kikifungwa, watabaki na nini? Akaona heri ajue moja. Akapanda basi bila kumwambia mtu wa kule.

Alimkuta nyuma ya meza, na pazia lile lile, limepauka kuliko lilivyoonekana. Mama Waya akafungua mikono pale mlangoni.

"Dada! Milima haikutani, binadamu hukutana!"

Pazia alishtuka. Akatabasamu, akanyoosha mkono juu ya meza. Hakusimama.

Jamani! Mgeni ametoka safari ya siku nzima, na mwenyeji anampa mkono amekaa! Mama Waya aliushika mkono huo. Wakajuliana hali, kisha wote wawili wakanyamaza wakingoja sauti ifike, na sauti ilikuwa imeshafika kitambo. Hata maji hakupewa. Mwishowe akachukua mkoba wake.

"Haya, nimekuona. Nilidhani sisi ni ndugu. Kumbe nilikuwa kipindi cha runinga."

Alikuwa ameshashika kitasa aliposikia kiti kikisogezwa.

"Ngoja, Mama Waya."

Pazia alipeleka mkono nyuma ya pazia, akatoa gongo, akaliweka kwapani, akaizunguka meza. Mguu wake wa kulia ulikuwa mwembamba na mfupi, haukufika sakafuni.

"Niko hivi tangu utotoni," alisema. "Kila ninapoingia, watu wanausalimia mguu kwanza, mimi baadaye. Kwako tu ndiyo nilikuwa mimi. Nikaogopa ukiuona utaanza kunihurumia kama wengine."

Hasira zilimpanda Mama Waya, zile hasira za mapenzi. "Miaka yote hiyo! Mwanangu anaolewa, wewe unanidanganya una mafua!" Akamkumbatia pamoja na gongo lake, wakalia mpaka mlinzi akaja kuchungulia kuna nini.

Walipotulia wakatoka kwenda kunywa chai kantini, ng'ambo ya uwanja. Pazia alitangulia. Alipoona mwenzake amebaki nyuma, akageuka, amekaza uso.

"Usinipunguzie mwendo. Hapo ndipo tutakapokosana."

"Nani anakupunguzia mwendo?" Mama Waya alikuwa ameshika ukuta, anahema. "Haya magoti yangu umewahi kuyaona wewe? Nisubiri, bwana!"

Na Pazia, ambaye maisha yake yote alikuwa akisubiriwa yeye, akasimama akamsubiri.