Kioo Mfukoni mwa Baba

Juzi mwendesha boda wa Kakuma alinionyesha fyuzi ya kioo. "Hii ikitoka, mama, pikipiki haiwaki." Nilisahau hata nilikokuwa nikienda.

Alasiri moja Lodwar, nikiwa mtoto, tulipata habari kwamba nyanya, mamake Mama, alikuwa mahututi Kakuma. Baba, ambaye hakupenda kukanyaga kwa wakwe, alichuchumaa kando ya pikipiki yake kuukuu, akachomoa kijikioo, akakitia mfukoni. Nilidhani ni shanga ya kumpelekea nyanya. Kisha akapiga kiki, akapiga tena, hadi harufu ya petroli ikajaa uani.

"Betri imekufa," alimwambia Mama. "Tafuta lori."

Lori alilipata siku ya tatu, mamake keshazikwa. Lakini alasiri ile alimfuta Baba jasho kwa leso yake, akamwambia, "Pole. Umejaribu."