Nyumba Isiyofagiwa

Dhoruba ya mchanga ilipokatika, mtaa mzima ulishika fagio. Ndivyo walivyozoea pale: upepo ukitulia tu, madirisha hufunguliwa mapana, mazulia hukung'utwa vibarazani, na ambaye hadi adhuhuri hajafagia, basi jina lake limeshazunguka nyumba zote.

Mama Pindo hakufungua hata tundu. Alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alibandikwa kwa kupenda kukunja pindo hata kwenye matambara ya kufutia meza. Mumewe alikuwa mwashi. Saruji ya miaka na miaka ilimkalia kifuani, na sasa pumzi yake ilikuwa ya kubembelezwa. Mara ya mwisho vumbi lilipotimka humo ndani, alitolewa kabebwa. Siku ile Mama Pindo aliapa: hatoki hivyo tena, liwalo na liwe.

Kwa hiyo mzee alikuwa amefungiwa chumba cha cherehani, shuka lililoloweshwa limeziba chini ya mlango, naye mkewe kasimama juu ya kiti sebuleni, anafuta kabati kwa kitambaa kibichi, taratibu, kama anayemnawisha mtoto mchanga uso.

Hodi ikapigwa. Alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, kabeba ufagio begani kama mkuki.

"Wifi, mbona mmejifungia kama popo?"

"Karibu, wifi. Vua viatu, na huo ufagio uache huko huko nje."

"Niuache? Nimekuja kukusaidia, sikuja kutembea!"

"Ufagio unalirusha vumbi. Na likiruka, linakwenda moja kwa moja kifuani kwa kaka yako."

"Mama yetu alifagia maisha yake yote, na sisi hawa hapa. Huko nje wanasema umekuwa mvivu, ujue."

"Waseme mpaka wakaukwe mate."

"Nyumba ya kaka yangu igeuke jaa, na mimi nipo?"

"Nyumba ya kaka yako, mapafu ya kaka yako. Mimi nimechagua mapafu."

Sauti ya mzee ikapenya mlangoni: "Gombaneni polepole, mnanimalizia hewa!"

Wifi akacheka bila kupenda. Akavua viatu, akauegemeza ufagio nje, akaingia akijipepea kwa upande wa khanga. Joto lilikuwa la kuokea mikate. Basi, kwa nia njema kabisa, akanyoosha mkono ukutani akawasha pangaboi.

Lo! Mapanga yale yalikuwa yamebeba mchanga laini kama unga. Sebule yote ikawa manjano. Mama Pindo aliruka kutoka kitini, akazima, akajitupa sakafuni na kulikandamiza shuka kwenye upenyo wa mlango kwa mikono miwili. Akatega sikio.

Kikohozi. Kikohozi kingine, kirefu zaidi. Kisha kimya.

"Mume wangu?"

"Nipo. Nani karipua bomu?"

Wifi alikuwa kasimama vilevile, kope zimejaa vumbi, mkono mdomoni. Mwishowe akaokota kitambaa, akakichovya kwenye ndoo.

"Nianzie wapi?"

"Ngoja kwanza litue. Kisha pangaboi, halafu tushuke kidogo kidogo. Kikichafuka kisuuze, usikikung'ute."

Walikuwa wamefika kwenye miguu ya meza, jirani mmoja alipoanza kupiga zulia lake chini ya dirisha lao, puu, puu, akiimba kwa kejeli: "Wenzetu bado wamelala! Ufagio umepotea?"

Mama Pindo akavuta pumzi ajibu, lakini wifi alishawahi dirishani, mdomo karibu na kioo.

"Hapa hatufagii! Na hilo zulia kalipigie kwenu, ama nitakuja nikuvike!"

Nyuma ya shuka lililolowa, mzee akapasuka kicheko. Mama Pindo akasimama na kitambaa kinachodondosha maji, akakisikiliza kicheko kile hadi mwisho wake. Hakikufuatwa na kikohozi.