Sauti Chumbani kwa Mwali

Daktari hakunificha kitu. Uboho wa mifupa yangu ulikuwa umegoma kutengeneza damu. Kila nikipiga mswaki fizi zilitoka damu, mapaja yalijaa madoa meusi kama niliyepigwa, na ndugu zangu walishachoka kwenda kunichangia damu. Vidonge alivyotaka kunianzishia vilikuwa vya homoni, ukoo mmoja na zile dawa ambazo vijana wa jimu pale Maili Moja huzinunua kwa njia za panya ili watunishe vifua. Kwangu mimi kazi yake ingekuwa kuuamsha uboho.

“Lakini mama,” akaniambia, “utaota ndevu. Hedhi inaweza kukatika. Sauti itakuwa nzito, na huenda isirudi hata ukija kuacha dawa.”

Nikamuuliza kama nitaishi. Akasema ana matumaini makubwa. Nikamwambia aandike.

Damu ikapanda, na sauti ikashuka. Ofisini kwangu Kibaha watu waliopiga simu wakaanza kuniita kaka, na mwanzoni nilikuwa nawasahihisha, baadaye nikaacha. Ndevu nilizinyoa. Kilichoniuma ni kwamba vidonge vyenyewe nilikuwa navimezea chooni, mlango nimefunga, kama mwizi. Nilikuwa nameza uhai wangu kwa kujificha, na jambo hilo lilinikera kuliko ndevu.

Kisha binti wa kaka yangu akapata mchumba. Kwetu kijijini Masaki, mwali hufundwa na shangazi yake, na shangazi aliyebaki ni mimi. Ahadi hiyo nilimpa tangu yuko shule ya msingi. Wiki ya harusi, mama yake akanipigia simu.

“Wifi yangu, usinielewe vibaya. Hizo dawa si uzipumzishe kidogo, mpaka harusi ipite?”

“Nikizipumzisha, na damu nayo inapumzika.”

“Basi labda tumtafute mtu mwingine akae na mwali. Wewe uje tu kama mgeni. Wale wakwe hatuwajui vizuri, wifi.”

Nilikata simu. Nilikuwa na hasira hata chai ikanishinda. Nikafungasha kanga zangu, singo niliyoisaga mwenyewe, na vidonge vyangu, nikaondoka. Kipande cha mwisho nilipanda bodaboda, na dereva aliposikia namwambia apunguze mwendo aligeuka kunitazama, nusura atuingize kwenye mikorosho.

Mwali hakutaka kusikia habari ya mtu mwingine. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na kanga moja, amepauka kwa kukosa jua, akanikumbatia bila kuniachia. Nilipoinama kumsugua singo mabegani, kidevu kikamgusa.

“Shangazi, unachoma!”

Tukacheka wote wawili. Wifi, mlangoni, hakucheka.

Mchana ule nilikuwa namfunda jambo ambalo makungwi wengi huliruka. Nilimwambia mwili wake ukiuma asimfiche mumewe, na akitakiwa kwenda hospitali asisubiri ruhusa ya mtu yeyote, awe mume, awe mkwe. Uani zikasikika nyimbo. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wameleta begi la bi harusi. Mara nyimbo zikakatika.

“Kuna mwanamume humo ndani!”

Chumba cha mwali havuki kizingiti chake mwanamume, hata baba mzazi. Kila mtu anajua. Wifi alichotakiwa kusema ni neno moja tu, kwamba yule ni shangazi. Aibu ikamzidi, akasema, “Ni fundi umeme, anatengeneza taa.”

Fundi umeme, na mwali yuko na kanga moja! Nikasikia mtu anaamrisha begi lirudishwe kwenye gari. Wifi akaingiza kichwa kwenye pazia, uso umemjaa jasho.

“Wifi nakuomba, tokea mlango wa nyuma. Ukiondoka kimyakimya nitawatuliza.”

Niliogopa, siwezi kusema uongo. Harusi ya mtoto ilikuwa inavunjika kwa sababu ya koo langu. Lakini nikitokea nyuma, yule mwanamume angebaki chumbani milele, na mtoto ndiye angebeba jina baya. Nikavuta pazia nikatoka mlango wa mbele.

“Sauti mliyoisikia ni yangu,” nikasema. “Mimi ni shangazi yake. Nilikuwa nakufa, nikapewa dawa, dawa imenipa damu na sauti hii.”

Nikavua mtandio. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko, akanisogelea akanitazama kidevu.

“Hizi ni ndevu?”

“Ndevu. Nimenyoa juzi. Ungekuja wiki ijayo ungeziona vizuri zaidi.”

Mmoja nyuma yake akacheka, akajiziba mdomo. Yeye hakucheka.

“Sasa dada, huko nyumbani tukawaambie nini watu?”

“Waambieni shangazi wa bi harusi yuko hai.”

Akawaashiria wenzake, begi likateremshwa, likawekwa barazani. Saa yangu ya dawa ilikuwa imefika. Nilitoa kidonge kwenye pindo la kanga nikakiweka kiganjani, pale pale uani, mbele ya wanawake wote.

“Wifi, niletee maji.”

Akaleta. Nikameza, nikamrudishia glasi, nikaingia ndani.

Mwali alikuwa amekaa vilevile, macho yamemjaa machozi.

“Tuliishia wapi?” nikamuuliza.

“Pale pa kutosubiri ruhusa.”

Nikaendelea kutoka hapo, na sikunong’ona.